Kichungulio cha kioo, cha kielektroniki au skrini tupu: kamera ipi ikufae?

Ukitaka kujua mpiga picha wa harusi ameshika kamera ya aina gani, usihangaike kusoma maandishi kwenye mkanda wake. Mtazame kidevu. Nenda Coco Beach, Dar es Salaam, Jumamosi saa tisa alasiri, maharusi wakiwa wanapishana mbele ya bahari, usimame pembeni. Yupo anayechungulia, anabofya, anainamisha kichwa kutazama nyuma ya kamera, anachungulia tena, anabofya, anainama tena, kama kuku anywaye maji. Yupo anayeishika kamera mbali na uso huku mkono mmoja umeifunika skrini, utadhani anakinga kibiriti kwenye upepo. Na yupo aliyegandisha jicho kwenye kamera dakika nzima. Hainami, hafuniki, anazungusha kigurudumu kwa kidole gumba basi.

Wote watatu wanaweza kurudi na picha nzuri. Wanachotofautiana ni saa ya kugundua kosa. Mmoja analijua kabla ya kubofya, mwingine baada tu ya kubofya, na mwingine inategemea jua limesimama wapi.

Yule wa kuinama ana DSLR, yaani kamera yenye kichungulio cha kioo. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo kilicholazwa nyuzi 45, unapanda juu na kugeuzwa na prizimu hadi jichoni mwake. Anachokiona ni bahari yenyewe. Yule aliyeganda ana mirolesi, yaani kamera iliyoondolewa kile kioo: sensa, yaani kile kibamba kinachonasa picha, inapokea mwanga muda wote, na ndani ya kitundu cha kuchungulia kuna skrini ndogo kuliko ukucha. Yeye anaiona picha ambayo bado hajaipiga. Wa mkono kwenye skrini naye ana mirolesi, ila ni zile zisizo na kitundu kabisa, kama Sony ZV-E10 au Nikon Z30. Anaona kile kile anachoona mwenzake wa kielektroniki, mradi aweze kuiona skrini.

Kwa anayekaribia kununua, nimevipima vichungulio hivi kwa mambo yanayotuumiza kazini: kuuona mwanga kabla ya kubofya, kustahimili jua na giza, fokasi, vitu vinavyokwenda mbio, video, betri, jicho la mtumiaji, na mwisho mfuko.

Kuuona mwanga kabla ya kubofya

Hapa ndipo penye ugomvi wote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mita ya mwanga ndani ya kamera huichukulia dunia kuwa ya kijivu. Shela jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza; shela linageuka rangi ya majivu na uso wa bibi harusi unazama. Mkaribie bwana harusi mwenye suti nyeusi, kamera inafanya kinyume, na shati lake linaungua. Ukiwaweka wote wawili mbele ya mchanga na maji yanayometa, sura nyeusi zinatoka kama vivuli. Kila aliyepiga harusi pwani amewahi kufika nyumbani, akafungua kompyuta, akakuta bahari nzuri sana na watu wawili wasiojulikana.

Mwenye DSLR hupambana na hili kwa kichwa. Anajua shela linataka kuongezewa mwanga, labda hatua moja (yaani mwanga maradufu), labda moja na nusu. Anaongeza, anapiga, anainama kutazama. Kichungulio chake hakimwambii lolote, maana hata ukiweka mipangilio ya ajabu, kioo kitaendelea kukuonyesha bahari ile ile. Tusilidharau hili. Aliyejifunza hivyo anausoma mwanga kabla hajatoa kamera kwenye begi, na mafundi wengi ninaowaheshimu walipitia njia hiyo. Ila ni shule yenye ada, na ada yenyewe hulipwa kwa picha za wateja.

Kwenye kichungulio cha kielektroniki unazungusha kigurudumu na uso wa bibi harusi unang'aa taratibu mbele ya jicho lako, mpaka useme hapo. Ukitaka, unawasha milia: sehemu zinazoungua zinajaa mistari kama ngozi ya pundamilia, na lesi ya shela ikianza kupata milia unajua umevuka mpaka. Histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha, inakaa pembeni. Rangi nazo unaziona: taa za manjano za ukumbini zikiwageuza watu kuwa embe bivu, unarekebisha kabla ya kubofya. Zile taa za LED zinazochora mistari kwenye picha, mara nyingi utaiona ikitembea humo humo kwenye kitundu, ukabadili kasi ya shata (pazia linaloamua mwanga uingie kwa muda gani) mapema.

Lakini kitundu hiki nacho hudanganya. Kinachoonyeshwa ni picha iliyokwisha kupikwa na kamera, yaani JPEG. Faili la RAW, yaani picha mbichi ambayo kamera haijaipika, huwa na mwanga zaidi ya huo, kwa hiyo milia si lazima imaanishe umepoteza kila kitu. Na ukiongeza ung'avu wa kichungulio chenyewe, utaridhika na picha ambayo kwa kweli ina giza. Amini histogramu kuliko jicho.

Halafu kuna studio. Siku ya kwanza kuingiza mirolesi kwenye chumba cha picha za pasipoti niliweka ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka), shata sekunde 1/160, kama nilivyozoea na flashi zangu. Nikachungulia: giza tii. Nikapapasa mbele ya lenzi kutoa kifuniko. Hakikuwepo. Mteja amekaa wima kwenye stuli, kola imenyooshwa, mimi nazima na kuwasha kamera. Kumbe haikuwa mbovu. Ilikuwa inanionyesha kwa uaminifu picha itakavyokuwa bila flashi, na bila flashi chumba kile ni usiku. Dawa ni kuingia kwenye menyu na kuzima onyesho la mipangilio, kichungulio kikawa kama dirisha la kawaida. DSLR haina shida hii hata chembe, na kwa anayeishi studio jambo hilo lina uzito.

Skrini tupu ina faida zote za kielektroniki hapa na kasoro zake zote. Milia ipo, histogramu ipo, giza la studio lipo.

Jambo moja dogo la kuongezea: DSLR nyingi za bei nafuu, kama Canon 2000D na Nikon D3500, huonyesha takriban asilimia 95 tu ya fremu. Ile iliyobaki unaikuta baadaye: mguu wa kiti cha plastiki, kiwiko cha mpambaji. Za bei kubwa kama Canon 5D Mark IV huonyesha karibu yote. Kielektroniki na skrini huonyesha yote.

Jua la utosini na giza la ukumbini

Kwenye jua skrini tupu inashindwa vibaya. Saa saba mchana hapa pwani unaona uso wako mwenyewe kwenye skrini kuliko unavyomwona mteja. Kuongeza ung'avu husaidia kidogo na hula betri. Wapo wanaobandika kofia ya plastiki juu ya skrini. Inasaidia, ila utabeba kitu kingine cha kupotea. Vichungulio vyote viwili vya jicho havijali jua, kwa sababu kichwa chako ndicho kivuli.

Gizani mambo yanageuka. Kioo kinakupa kile jicho lingeona, pungufu kidogo, na ukiwa na lenzi ya f/5.6 kinazidi kufifia. Kwenye kitchen party ambapo MC ameamuru taa zizimwe na keki inaingia na fataki, unalenga kwa kubahatisha. Kielektroniki kinakuza mwanga, unaona sura za watu waliokaa gizani kabisa, ingawa picha inajaa chengachenga na huenda ikaburuta kidogo ukigeuza kamera haraka. Kuona vibaya ni afadhali ya kutoona. Kero yake ni kwamba ukitoa jicho kwenye kitundu king'avu, jicho hilo linabaki halioni sakafu kwa sekunde kadhaa, na sakafu ya ukumbi ina nyaya.

Usalama nao usisahaulike. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa kipete na watu wakajaa Rujewa, Mbarali, onyo lilikuwa lile lile kwa macho na kwa kamera: usilitazame jua moja kwa moja. Kichungulio cha kioo ni dirisha, na lenzi ndefu inakusanya jua na kulimwaga jichoni. Bila chujio la jua mbele ya lenzi unaweza kupofuka. Kwa kielektroniki jicho linatazama skrini, kwa hiyo liko salama, lakini sensa inaweza kuungua. Chujio bado linahitajika. Wenye ndugu Jidda au wanaopanga kwenda Luxor, Misri, Agosti 2, 2027, jua litakapopatwa lote huko, wakumbuke hilo.

Na kitundu cha kielektroniki chenyewe kina adui huyo huyo. Ukiiweka kamera mezani, kitundu kimeelekea juani, kile kilenzi kidogo kinageuka kioo cha kukuzia na kuichoma skrini ya ndani. Nimeshika kamera ya mtumba yenye madoa ya namna hiyo katikati ya kichungulio. Picha zilitoka safi, ila kila sura uliyoilenga ilikuwa na ndui. Kichungulio cha kioo, kwa upande wake, huingia vumbi na ukungu wa pwani. Navyo havitoki kwenye picha, vinakera jicho tu.

Fokasi

Ukitumia lenzi za kisasa zinazojifokasi, DSLR hutegemea kipimo kilichowekwa chini ya kioo, mbali na sensa. Vikipishana nywele moja, nyusi zinatoka kali na macho yana ukungu, nawe kwenye kichungulio huoni kosa. Mirolesi hupima kwenye sensa yenyewe, na nyingi za miaka ya karibuni huweka kisanduku kidogo juu ya jicho la mtu na kumfuata. Kukiona kisanduku hicho ndani ya kitundu kunatuliza moyo, hasa ukiwa umefungua lenzi f/1.8.

Tofauti inakuwa kubwa zaidi kwa wenye lenzi za zamani za kuzungusha kwa mkono. Vichungulio vya DSLR za kisasa havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hata ukifungua f/1.4, kioo kinakuonyesha ukungu wa nyuma kama vile uko takriban f/2.8. Kwenye kielektroniki unakuza sehemu ya jicho mara tano au kumi, au unawasha rangi inayopaka kingo zote zilizo kwenye fokasi. Skrini tupu inayo pia hayo, ila kumfokasi mtu kwa mkono huku umeinyoosha mikono mbele ni kutafuta mtetemo.

Vitu vinavyokwenda mbio

Kwa miaka mingi hapa ndipo kioo kilipocheka. Mwanga hauchelewi. Panasonic Lumix G1 ya 2008, mirolesi ya kwanza ya lenzi za kubadilisha, ilikuwa na kichungulio cha nukta milioni 1.44 (vidoa vinavyounda picha kwenye skrini yake), na wengi walioshika vichungulio vya enzi hizo waliapa hawatarudia: ndege amesharuka, wewe bado unamwona tawini.

Siku hizi kiapo hicho kimepitwa, japo si kwa kamera zote. Sony A9 ilipotoka 2017 ilipiga picha 20 kwa sekunde bila kichungulio kuzimika hata mara moja, jambo ambalo DSLR haiwezi, kwa kuwa kioo lazima kinyanyuke ili picha ipigwe. Yaani kwenye DSLR ule muda uliounasa ndio muda ambao hukuuona. Sony A1 ya 2021 ina nukta milioni 9.44 na huonyesha hadi fremu 240 kwa sekunde. Lakini hizo ni kamera za bei ya pikipiki na zaidi. Mirolesi ya bei ya chini, ukibonyeza kwa mfululizo, mara nyingi hukuonyesha picha zilizokwisha kupigwa moja baada ya nyingine badala ya kinachotokea sasa, na mchezaji anakuponyoka kwenye fremu. Mwenye bajeti ndogo anayepiga mpira wa miguu au tai wa Ngorongoro, DSLR nzuri ya mtumba bado inamheshimu. Skrini tupu hapa sina la kusema zaidi ya pole.

Video

Fupi: ukianza kurekodi video kwenye DSLR, kioo kinanyanyuka na kichungulio kinakuwa giza. Unabaki na skrini ya nyuma. Kielektroniki kinaendelea kuonyesha, na kuibana kamera usoni kunapunguza mtetemo. Anayejirekodi mwenyewe, au anayetumia gimbo (kishikio kinachotuliza kamera), hahitaji kitundu chochote. Skrini inayogeuka mbele inamtosha.

Betri

Kioo hakili umeme. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, Nikon D3500 ilipewa picha 1,550 kwa chaji moja. Sony a6000 ilipewa 310 kwa kichungulio na 360 kwa skrini. Nikon Z6 ilipewa 310 kwa kichungulio. Sony A7 III, yenye betri kubwa, ni 610 kwa kichungulio na 710 kwa skrini. Ona kwamba kitundu kidogo kinakula kuliko skrini kubwa.

Kazini utapata zaidi ya hizo ukipiga kwa mfululizo, lakini uwiano haubadiliki. Harusi inayoanza saluni saa nne asubuhi na kuishia ukumbini saa sita usiku, mwenye DSLR anabeba betri ya akiba kwa tahadhari. Mwenye kielektroniki anabeba mbili za akiba kwa lazima. Mirolesi nyingi huchajika kwa pawabenki, na mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa hilo limeokoa watu.

Jicho lako wewe

Mwenye miwani anunue kwa kujaribu, asisome tu. Pembeni mwa kitundu kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha nguvu ya macho. Kiguse kabla hujasema kamera ni mbovu. Wapo wanaochoshwa na skrini iliyo sentimita mbili kutoka jichoni, wakaumwa kichwa baada ya saa tatu. Kwao kioo ni raha. Wapo pia, hasa waliovuka arobaini, ambao hawawezi tena kuisoma skrini ya nyuma bila kuvaa miwani ya kusomea, na kitundu cha kielektroniki kimewarudishia menyu, histogramu na hata picha zilizopigwa, vyote jichoni.

Skrini ina heshima yake moja ambayo vitundu havina. Ukimpiga picha mzee au mtoto huku uso wako uko wazi, mnaongea. Ukijificha nyuma ya kamera, anakaza shingo.

Mfuko

Tangu 2020 Canon na Nikon hazijatoa muundo mpya wa DSLR. Pentax ndiyo iliyoendelea. Maana yake, DSLR na lenzi zake zimejaa kwenye mtumba na bei zinashuka, ila vipuri na lenzi mpya vitapungua kadiri miaka inavyokwenda. Mirolesi zisizo na kitundu ndizo nafuu kati ya mpya. Zenye kitundu zina ngazi: nukta milioni 1.44 za a6000 zinaonekana kama wavu, milioni 2.36 zinatosha, na milioni 3.69 za Nikon Z6 au Canon EOS R ndipo unaanza kusahau kwamba unatazama skrini.

Kulingana na kazi yako

Unaanza, fedha ni ya kuungaunga, unataka kujifunza na kupata vibarua vya ubatizo na mahafali: DSLR ya mtumba. Kagua idadi ya shata (kamera imeshapiga picha ngapi) na chungulia ukungu ndani ya lenzi kabla ya kulipa.

Harusi ndizo mkate wako, nje mchana na ukumbini usiku: kielektroniki, nukta milioni 2.36 kwenda juu, na bajeti ya betri mbili za nyongeza ihesabiwe ndani ya bei ya kamera.

Studio ya pasipoti na familia, flashi kila siku: kama DSLR yako inafanya kazi, sioni sababu ya kuiuza. Ukihamia mirolesi, jifunze kwanza kuzima lile onyesho la mipangilio.

Mpira, mbio, wanyama: au DSLR ya ngazi ya juu iliyotumika, au mirolesi ya ngazi ya juu. Mirolesi ya katikati, iazime na uende nayo uwanjani dakika tisini kabla hujaamua.

Video za mtandaoni, mapishi, mahojiano ya ndani: skrini tupu inatosha, fedha inayobaki nunua maikrofoni.

Una lenzi za zamani za baba au mjomba kabatini: tafuta mirolesi yenye kitundu na adapta inayolingana na lenzi hizo. Anza na ile ya milimita 50, maana karibu kila kabati linayo.

Na kama bado umekwama, mwombe mwenye duka akuruhusu utoke nje na kamera hadi barazani, juani. Mlenge mtu aliyevaa nguo nyeupe, bofya mara tano, kisha rudi ndani muitazame pamoja.